Shajara ya mradi: Laravel 11 imegoma kuwaka kwenye seva ya ghala, Mtwara

Hali ya kuanzia

Mfumo ni wa kusajili korosho zinazopokelewa na chama cha msingi: jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo, daraja, namba ya stakabadhi. Utakaa kwenye kompyuta moja ofisini, na makarani wataufungua kwa kivinjari kupitia ruta, intaneti iwepo isiwepo. Maandalizi yanafanyika Mtwara mjini. Mashine itapandishwa Tandahimba kabla ya minada ya Oktoba.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, RAM GB 8, SSD GB 240, imewekwa Ubuntu Server 22.04, ambayo ni mfumo endeshi wa Linux. Programu imeandikwa kwa Laravel 11 (kiunzi cha kujengea programu za wavuti kwa lugha ya PHP) kwenye laptopu ya Windows yenye PHP 8.3, na huko inakimbia bila tabu. Hapa seva haijaonyesha hata ukurasa wa kwanza.

Kanuni ya kazi hii ni moja: kabla ya kugusa kitu, nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, halafu tambua nani ameutoa. Ombi moja la kivinjari linapita kwa Apache (seva ya wavuti), linaingia kwa PHP, PHP inapakia faili zilizowekwa na Composer (kileta vifurushi vya PHP), ndipo Laravel inaamka na kumwita MySQL (hifadhidata). Kila mmoja analalamika kwa namna yake. Anayehariri faili za Laravel ilhali aliyekataa ni Apache atakesha bure.

Jumatatu asubuhi: saa ya mashine

Hata Laravel haijafikiwa. `sudo apt update` imekataa:

    E: Release file for ... is not valid yet

Aliyesema hapa ni apt, kisakinishi cha vifurushi vya Ubuntu, na lalamiko lake ni tarehe. Amri ya `date` imeonyesha mwaka uliokwisha pita. Faili la orodha ya vifurushi lina tarehe ya kutolewa, na mashine inaliona kama limetoka siku ambayo bado haijafika, hivyo inalikataa. Composer nayo ingekataa kwa sababu hiyohiyo, ila kwa maneno mengine: `SSL certificate problem: certificate is not yet valid`. Ukiona moja kati ya hayo mawili, angalia saa kwanza kabla ya kumlaumu mtoa intaneti.

Chanzo ni betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama. Mpya inatoa volti 3. Hii mita imeisoma chini ya 2. Mashine ikichomolewa umeme, saa inarudi nyuma. Betri imebadilishwa, kisha:

    sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
    sudo timedatectl set-ntp true
    timedatectl

Mstari wa kutafuta ni `System clock synchronized: yes`. Pasipo na intaneti, saa huwekwa kwa mkono, lakini lazima kwanza uzime usawazishaji kwa `set-ntp false`. La sivyo `set-time` inajibu kwamba usawazishaji wa kujiendesha umewashwa na inaacha kila kitu kama kilivyokuwa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mashine ya ghalani kuliko kwa laptopu. Laptopu ikipata mtandao inajisahihisha. Mashine itakayokaa bila mtandao itaandika tarehe ya uongo kwenye stakabadhi za wakulima, na hakuna ujumbe wowote mwekundu utakaotokea.

Jumatatu mchana: Composer na toleo la PHP

Msimbo umevutwa kwa git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo), ukaingizwa `composer install`. Jibu:

    Your lock file does not contain a compatible set of packages. Please run composer update.

Mistari iliyofuata ndiyo yenye maana: `laravel/framework` inadai `php ^8.2`, na mashine ina 8.1.2. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 ikiwa na PHP 8.1, na haipandishi toleo kubwa la PHP katika maisha yake yote. Inaziba matundu ya usalama tu. PHP 8.2 ilitoka Desemba 2022, na Laravel 11 ikaja Machi 2024 ikiidai. Kwa hiyo Laravel 11 juu ya Ubuntu 22.04 tupu haiwezi kukubali, hata ukiisakinisha upya mara ngapi.

Ujumbe unapendekeza `composer update`. Usiufuate. Kwenye seva, `update` kazi yake ni kutafuta matoleo mapya ya vifurushi na kuandika upya `composer.lock` (orodha ya matoleo yaliyojaribiwa), maana yake ni kwamba utaendesha kitu ambacho hakijajaribiwa kwenye laptopu. Tena hapa isingesaidia, kwa kuwa `composer.json` yenyewe inadai PHP 8.2. Njia ya pili ya mkato, `--ignore-platform-reqs`, ni mbaya zaidi: Composer inanyamaza, vifurushi vinashuka vyote, halafu PHP 8.1 inakutana na sintaksia ambayo haijawahi kuiona na kuanguka katikati ya faili la mtu mwingine ndani ya `vendor` (folda ya vifurushi vilivyoshushwa). Hapo fundi anaanza kusoma msimbo wa watu wasio na kosa.

Angalizo kwa anayeanza mradi mtupu kwa `composer create-project laravel/laravel`: kwenye PHP 8.1 amri hiyo haigomi. Inatoa onyo fupi kwamba toleo la karibuni halilingani na mashine, kisha inakuwekea Laravel 10. Baadaye unasoma maelekezo ya 11, unatafuta faili ambazo hazipo, unadhani usakinishaji umeharibika. `php artisan --version` (artisan ni chombo cha amri cha Laravel) inamaliza ubishi.

PHP 8.3 imewekwa kutoka hazina ya Ondřej Surý, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi kwa Ubuntu:

    sudo add-apt-repository ppa:ondrej/php
    sudo apt update
    sudo apt install php8.3-cli php8.3-mbstring php8.3-xml php8.3-curl php8.3-zip php8.3-mysql php8.3-bcmath unzip

Composer ikidai `ext-dom`, usiitafute kwa jina hilo; imo ndani ya `php8.3-xml`. Tokenizer, ctype, fileinfo na PDO zinakuja na `php8.3-common`, inayovutwa yenyewe.

`unzip` ya mwisho hapo juu inaonekana kama nyongeza tu, kumbe sivyo. Bila unzip na bila ekstensheni ya zip, Composer haiwezi kufungua vifurushi vilivyobanwa, na inasema hivyo kwa mstari mmoja unaopita haraka: `The zip extension and unzip/7z commands are both missing, skipping`. Baada ya hapo inaamua kuvuta kila kifurushi kwa git, pamoja na historia yake. Kwa modemu ya simu hiyo ni hukumu. Mwishoni unaona `exceeded the timeout of 300 seconds`, na ushauri wa kawaida ni kuongeza muda kwa `COMPOSER_PROCESS_TIMEOUT`. Ukiongeza, utasubiri zaidi na kula bando zaidi. Weka unzip, futa `vendor`, anza tena. Muda wa sekunde 300 hautaguswa.

Kwa sehemu zenye mtandao wa kusuasua, kache ya Composer inabebeka kwa flashi. Kwenye laptopu, `composer config --global cache-files-dir` inakuonyesha folda ilipo. Nakili yaliyomo, yapeleke kwenye folda ambayo amri hiyohiyo inaitaja kwenye seva, kisha:

    COMPOSER_DISABLE_NETWORK=1 composer install --no-dev

Ikikosa kifurushi itataja jina lake, nawe unajua cha kwenda kuleta. Acha `vendor` yenyewe. Usiibebe kwenye flashi. Maelfu ya faili ndogo yanaichosha flashi, na ukiichomoa mapema unapata folda yenye faili za baiti sifuri, zinazozaa hitilafu zisizofanana na chochote.

Jumanne: terminali inasema 8.3, kivinjari kinasema 8.1

Vifurushi vimeshuka vyote. `php -v` inaonyesha 8.3. Kivinjari kinaonyesha:

    Composer detected issues in your platform: Your Composer dependencies require a PHP version ">= 8.2.0". You are running 8.1.2

Huu ndio mkwamo unaopoteza muda wa watu wengi kuliko yote katika shajara hii, kwa sababu unaonekana kujipinga. PHP ya terminali na PHP ya Apache ni programu mbili tofauti. Ya kwanza ni `/usr/bin/php`. Ya pili ni moduli iliyopakiwa ndani ya Apache siku ilipowekwa, nayo ni ya 8.1 mpaka utakapoitoa. Kuweka `php8.3-cli` hakuigusi. Uthibitisho:

    apache2ctl -M | grep php
    ls /etc/apache2/mods-enabled | grep php

Imeonekana `php8.1.load`. Marekebisho:

    sudo apt install libapache2-mod-php8.3
    sudo a2dismod php8.1
    sudo a2enmod php8.3
    sudo systemctl restart apache2

Mpangilio nao umegawanyika vivyo hivyo: `/etc/php/8.3/cli/php.ini` ni ya terminali, `/etc/php/8.3/apache2/php.ini` ni ya kivinjari. Ukipandisha `upload_max_filesize` kwenye faili la kwanza, fomu ya kupakia orodha ya wakulima itaendelea kukataa kana kwamba hujafanya lolote. Na hata ukihariri faili sahihi, Apache lazima ianzishwe upya.

Usiku huohuo ikaja 403 Forbidden (hakuna ruhusa). Mradi ulikuwa chini ya `/home`. Kwenye `/var/log/apache2/error.log` kuna maneno `search permissions are missing on a component of the path`. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji inaundwa kwa ruhusa 750, hivyo Apache, inayoendeshwa kwa jina la `www-data`, haiwezi hata kupita mlangoni. Amri ya `namei -l` ikifuatiwa na njia kamili ya faili inaonyesha ruhusa za kila folda njiani, na iliyofunga inajitokeza. Mradi umehamishiwa `/var/www/ghala`. Kuilegeza folda ya nyumbani kungewezekana, ila hakuna sababu ya kufungua chumba cha mtu ili wageni wapite kwenda sebuleni.

Faili la tovuti, `/etc/apache2/sites-available/ghala.conf`:

    <VirtualHost *:80>
        DocumentRoot /var/www/ghala/public
        <Directory /var/www/ghala/public>
            AllowOverride All
            Require all granted
        </Directory>
    </VirtualHost>

Kisha `a2ensite ghala`, `a2dissite 000-default`, `a2enmod rewrite`, `apache2ctl configtest`, na Apache ianzishwe upya. Usipozima `000-default`, Apache inachukua tovuti ya kwanza kwa mpangilio wa majina, na utaendelea kuona ukurasa wake wa kukaribisha.

Neno `public` mwishoni mwa `DocumentRoot` ni lazima. Ukiishia `/var/www/ghala`, yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi anaweza kuandika anwani ya seva ikifuatiwa na `/.env` (faili la mipangilio ya siri ya Laravel) na akasoma nywila ya hifadhidata kwa maandishi makubwa.

Jumatano: 500 tupu

Apache imeridhika, PHP ni sahihi, ukurasa ni 500 (hitilafu ya ndani ya seva). Swali la kwanza: kuna mstari mpya ndani ya `storage/logs/laravel.log`? Hakuna. Basi Laravel haijafika mahali pa kuandika, na jibu litakuwa kwenye `error.log` ya Apache. Lilikuwepo:

    The stream or file "/var/www/ghala/storage/logs/laravel.log" could not be opened in append mode: Failed to open stream: Permission denied

Laravel inahitaji kuandika katika sehemu mbili: `storage` na `bootstrap/cache`. Faili hizo zilikuwa mali ya aliyezinakili, si ya `www-data`.

    sudo chown -R $USER:www-data storage bootstrap/cache
    sudo chmod -R ug+rwX storage bootstrap/cache
    sudo find storage bootstrap/cache -type d -exec chmod g+s {} \;

Mstari wa tatu unafanya faili mpya zirithi kundi la `www-data`. `X` kubwa katika mstari wa pili inatoa ruhusa ya kuingia kwenye folda bila kuzigeuza faili za kawaida kuwa za kuendeshwa. Ushauri wa `chmod -R 777` umeenea mno. Ndiyo, unawasha mfumo, na pia unamruhusu kila mtumiaji wa mashine kuhariri faili ambazo PHP itaziendesha.

Hitilafu hii ina tabia ya kurudi siku kadhaa baadaye, na ikirudi chanzo karibu kila mara ni kimoja: mtu ameendesha `sudo php artisan`. Amri ikikutana na kosa inaunda `laravel.log` mpya yenye mmiliki root, na `www-data` anafungiwa nje. Amri za artisan ziendeshwe bila sudo, au kwa `sudo -u www-data`.

Alhamisi: faili la .env

Ukurasa sasa unatoka kwa Laravel yenyewe. Ni mweupe wenye `500 | SERVER ERROR` katikati. Ndani ya `laravel.log` sasa kuna mstari: `No application encryption key has been specified`. Faili la `.env` halisafiri na git, na ndivyo inavyotakiwa.

    cp .env.example .env
    php artisan key:generate

Amri ya pili ni ya mara moja. Mfumo ukishaanza kutumika na una data iliyofichwa kwa ufunguo huo, ukiuzalisha upya data hiyo haifunguki tena, na wote walioingia wanatolewa nje.

Kilichofuata kilitokana na jina la mfumo. Mstari ulikuwa `APP_NAME=Ghala la Korosho`, nao ukaleta `Failed to parse dotenv file. Encountered unexpected whitespace`. Thamani yenye nafasi huwekwa ndani ya alama za nukuu. Hiyo angalau inapiga kelele. Ndugu yake hasemi kitu: alama ya `#` katika thamani isiyo na nukuu inaanzisha maoni, na kila kilicho baada yake kinatupwa. Nywila ikiwa `korosho#kali`, Laravel inasoma `korosho`, na anayelalamika ni MySQL: `Access denied ... using password: YES`. Unaweza kuibadilisha nywila ndani ya MySQL hata mara tano bila kufika. Andika:

    DB_PASSWORD="korosho#kali"

Upande wa hifadhidata, Laravel 11 imebadilisha mazoea. `.env.example` yake inaanza na `DB_CONNECTION=sqlite`, na mistari ya `DB_HOST`, `DB_DATABASE`, `DB_USERNAME` na `DB_PASSWORD` ina `#` mbele. Aliyezoea matoleo ya nyuma anajaza jina na nywila, anaacha alama hizo, kisha anashangaa kwa nini skrini inasema `Database file at path [...database.sqlite] does not exist`. Ujumbe huo ukitokea ilhali mradi ni wa MySQL, maana yake ni kwamba mistari yako haijasomwa hata mmoja. Badilisha `sqlite` kuwa `mysql` na uondoe `#` katika mistari yote mitano, ikiwemo ya `DB_PORT`.

Tena usitumie root wa MySQL. Kwenye Ubuntu root huyo anatambuliwa kwa jina la mtumiaji wa mfumo, si kwa nywila, hivyo Laravel itapata kosa namba 1698 hata nywila ikiwa sahihi. Tengeneza mtumiaji wa mradi:

    CREATE DATABASE ghala CHARACTER SET utf8mb4;
    CREATE USER 'ghala'@'localhost' IDENTIFIED BY 'korosho#kali';
    GRANT ALL PRIVILEGES ON ghala.* TO 'ghala'@'localhost';

Nywila hii ni ya mfano, usiichukue. Kabla ya kurudi kwenye kivinjari, jaribu nje ya Laravel kwa `mysql -u ghala -p ghala`. Ikikubali hapo na Laravel ikakataa, kasoro iko kwenye `.env`. Zikikataa zote mbili, kasoro iko MySQL. Kosa 2002 lenye `Connection refused` ni jingine kabisa: huduma imelala, itazame kwa `systemctl status mysql`.

Muunganisho ukakubali, likaja `Table 'ghala.sessions' doesn't exist`. Hata ukurasa wa mwanzo usiogusa data yoyote unadai jedwali hilo, kwa sababu Laravel 11 inaweka vikao, kache na foleni kwenye hifadhidata pasipo kuambiwa. `php artisan migrate` imeunda majedwali yote.

Halafu kuna kache ya mpangilio. Mtu aliwahi kuendesha `php artisan config:cache`, na tangu hapo `.env` haisomwi tena. Laravel inatumia nakala iliyogandishwa ndani ya `bootstrap/cache/config.php`. Ukibadilisha `.env` na tabia isibadilike, endesha `php artisan config:clear` kabla ya kufikiri jambo lingine. Kwa sababu hiyohiyo, `env()` iitwe ndani ya faili za folda ya `config` tu. Ikiitwa kwenye kontrola, siku mpangilio utakapogandishwa itarudisha tupu.

Ijumaa: mwanzo unafunguka, kurasa nyingine hazipo

`/` inafunguka, `/ingia` inatoa 404 (ukurasa haupatikani). Zipo 404 za aina mbili. Yenye maandishi `Apache/2.4.52 (Ubuntu) Server at` chini yake imetoka kwa Apache: ombi halijafika Laravel, kwa kuwa `rewrite` haijawashwa au `AllowOverride` ni None na `.htaccess` ya ndani ya `public` inapuuzwa. Nyeupe yenye `404 | NOT FOUND` katikati ni ya Laravel, nayo unaitatua kwa `php artisan route:list`. Hii ilikuwa ya Apache. Kwenye mstari wa `Directory`, jina la folda liliandikwa bila c ya mwisho, na `configtest` haikuona ubaya kwa kuwa folda isiyopo si kosa la sintaksia.

Kisha `Class "App\Models\Stakabadhi" not found`. Faili lipo, ila linaitwa `stakabadhi.php`. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, Linux inatofautisha. `composer dump-autoload -o` inataja kila faili lenye kasoro hiyo kwa maneno `does not comply with psr-4 autoloading standard`. Zirekebishwe kwa `git mv` kwenye laptopu, zisiguswe kwenye seva, maana marekebisho ya seva yanaweza kugongana na git itakayovutwa kesho.

Mwonekano ukachukua sehemu kubwa ya mchana. Kwenye msimbo uliovutwa kwa git: `Vite manifest not found`. Vite ndiyo inayounda faili za mwonekano. Folda ya `public/build` imo kwenye `.gitignore`, hivyo CSS na JavaScript hazikusafiri. Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) inayokuja na Ubuntu 22.04 ni ya 12, na Vite ya sasa haiendeshwi nayo. Inaanguka kwa makosa ya sintaksia ndani ya faili zake yenyewe. Hakuna haja ya kuweka Node kwenye seva. `npm run build` iendeshwe kwenye laptopu, na `public/build` pekee ibebwe. Ni ndogo, inapita hata kwa simu.

Ikabebwa folda nzima ya `public`, na karani aliyeufungua ukurasa kwa simu akauliza, "Fundi, mbona huu ukurasa uko uchi?" Maandishi yalikuwepo, rangi na jedwali hakuna. Ndani ya `public` kulikuwa na faili dogo liitwalo `hot`, lenye mstari mmoja tu: anwani ya `localhost` yenye poti 5173. `npm run dev` huliunda inapoanza na kulifuta inapozimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika, au dirisha likifungwa kwa nguvu, faili linabaki. Likiwepo, Laravel haiangalii `public/build` kabisa. Inakiambia kivinjari kichukue CSS kwenye poti 5173 ya localhost, na kwa simu ya karani localhost ni simu yenyewe.

    rm public/hot

Kwenye laptopu ya mwandishi ukurasa ungeonekana sawa, kwa sababu Vite inaendeshwa hapohapo. Majaribio ya mwonekano yafanywe kwa kifaa kingine kila mara.

Jumamosi: kuifunga kazi

Ruta imepangwa kuipa seva anwani ileile siku zote, 192.168.1.10. Firewall imefunguliwa kwa `sudo ufw allow Apache`, bila kusahau `OpenSSH` kabla ya kuiwasha. `APP_URL` imelinganishwa na anwani hiyo. `php artisan serve` haitumiki hapa; ni ya majaribio, na isipopewa `--host=0.0.0.0` inasikiliza 127.0.0.1 pekee, hivyo simu ya karani haiifikii.

Mzigo wa majaribio uliopimwa saa nne asubuhi umeonekana umepokelewa saa moja. Saa ya mashine ni sahihi. Laravel inatumia UTC (saa ya kimataifa) isipoambiwa vingine, na sisi tuko saa tatu mbele. Katika `config/app.php`, `timezone` imewekwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Ifanyike kabla ya stakabadhi ya kwanza ya kweli. Baada ya hapo utakuwa na rekodi za saa za aina mbili kwenye jedwali moja.

Mpangilio wa mwisho: `APP_ENV=production`, `APP_DEBUG=false`, kisha `php artisan config:cache` na `php artisan route:cache`. `php artisan about` imeonyesha PHP 8.3, debug imezimwa, hifadhidata ni mysql.

Jaribio la umeme: mashine imezimwa kwa `poweroff`, ikachomolewa ukutani, ikarudishiwa umeme. Haikuwaka yenyewe. Kwenye BIOS kuna kipengele cha kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Kilikuwa kwenye kubaki imezima, kimegeuzwa. Sasa inawaka, saa iko sawa bila mtandao, na `systemctl is-enabled apache2 mysql` imejibu `enabled` kwa zote mbili.

Yanayosubiri: UPS (betri ya akiba) ya kuipa MySQL muda wa kufunga faili zake, `mysqldump --single-transaction ghala` kila jioni kwenye flashi mbili zinazopokezana, moja ikikaa nje ya ofisi, na printa ya stakabadhi, ambayo bado inachapa namba ya gunia juu ya jina la mkulima.